Picha Mbili Dirishani

Nyabusozi, Jumatano usiku, Februari 1979

Na bado bwana anasema nina wivu!

Mke mwenzangu Kabula alipelekwa hadi Nairobi, enzi mpaka ukiwa wazi, saratani ya titi lake la kushoto ikachomwa kwa mionzi. Mimi sijavuka Mwanza. Siku hizi akitembea kidogo tu anahema, na bwana analala kwake hata zamu zangu. Nilijua anadeka.

Leo kapelekwa hospitali kupigwa picha ya moyo. Malori yako vitani, yeye na bwana wakapanda trekta ya kijiji. Nikapanda nami.

"Akipewa khanga napewa khanga," nilimwambia bwana. "Picha je?"

Nikamdanganya daktari kwamba kifua kinanibana.

Picha zetu zikabandikwa dirishani. Nikapima kwa vidole. Kifua changu kumi na vinne, moyo sita. Kifua cha Kabula kumi na vinne vilevile, moyo tisa.

"Moyo wake umetanuka. Nadhani ni ile mionzi, iliugusa," daktari akasema. "Asilime, asichote maji."

"Na wangu?"

"Mzima kabisa, mama."

Bwana akautazama wangu mara moja, akarudi kwenye ule wa Kabula. Hapo hakubanduka.

Kabula akacheka huku akihema. "Dada, hata huu unautaka?"

Nikaibandua picha yangu dirishani.

Kesho nachota maji ya nyumba mbili. Na zamu yangu sitaidai wiki hii.

Wiki hii tu.