Barua ya Kinga

Jumatatu, 3 Machi
Foleni ya Annandale ileile. Chai imenimwagikia sketi. Ofisini nimekuta barua pepe ya Henrik, wakili tunayeshirikiana naye Ulaya. Anasisitiza tena tupeleke barua ya kinga ya mteja wetu Mama Zawadi kwenye mahakama ya kanda ya hataza, hizi haki za wavumbuzi. Yaani tuwaeleze majaji utetezi wetu kabla hatujashitakiwa, ili mpinzani akienda kimyakimya kuomba zuio la bidhaa, wasimpe bila kujua upande wetu. Nimecheka. Nani hapa Washington anafunua karata kabla mchezo haujaanza? Nimemjibu hapana.

Alhamisi, 6 Machi
Mama Zawadi kapita akitoka zamu Laurel. Anauguza wazee. Ndiye aliyebuni mkanda wa kumwinua mgonjwa kitandani bila kuvunja mgongo wa anayeinua. Mgongo wake mwenyewe ulishakwisha. Wiki ijayo anaupeleka mkanda kwenye maonyesho Ulaya, kuna mnunuzi wa hospitali anataka kuuona. Lakini kampuni moja ya huko ilishamwandikia kwamba ameiba ubunifu wao. "Dada Rehema, minaweza kwenda bila woga?" Nikamwambia nenda tu. Kaniachia kopo la sombe, kisamvu cha kwao Kongo. Tamu kweli.

Jumatano, 12 Machi
Balaa. Jaji ametoa zuio bila kutuita. Amri moja, nchi zote za kanda ile. Afisa wa mahakama kafika kwenye banda la Mama Zawadi, kabeba mikanda yote, mnunuzi akiangalia. Amenipigia analia, Kiswahili na Kifaransa vimechanganyika. Nimefunga mlango wa ofisi. Mjinga mimi. Mjinga kabisa.

Ijumaa, 14 Machi
Henrik hakunisema. Afadhali angenitukana. Ameomba amri ipitiwe upya, na kikao kitakuwa kwa video. Anauliza tu kama mteja anajua ushauri wake wa mwanzo. Sijamjibu.

Jumapili, 16 Machi
Mama Zawadi karudi. Nimemfuata kanisani kwao, Beltsville. Kanishika mkono mbele ya watu. "Ule avoka wa Ulaya alitutupa. Kama si weye, dada, sijui ningefanya nini." Avoka ni wakili, anamsema Henrik. Nikaitikia kwa kichwa. Nimeitikia! Mtu aliyenionya nimemwacha abebe mzigo wangu, tena nikala pilau yao.

Jumanne, 25 Machi
Kikao. Kwetu hakujapambazuka, kwao saa za kazi. Majaji watatu kwenye skrini, Mama Zawadi kando yangu na kitenge kipya. Jaji kiongozi akauliza kwa upole: mlitishiwa mapema, mbona hamkuleta barua ya kinga? Henrik angeweza kunitaja. Akasema tu kwamba kosa ni la upande wetu, akaendelea na hoja. Mama Zawadi akaninong'oneza, "Unaona? Ni yeye." Nikatazama kalamu yangu.

Ijumaa, 28 Machi
Zuio limefutwa. Mkanda wao unategemea chuma cha kiunoni, wetu hauna chuma hata kidogo. Basi. Hoja nyepesi hivyo, ndiyo Henrik alitaka majaji waisome tangu mwanzo. Ofisini wamenipongeza. Lakini mnunuzi ameshatia saini na wapinzani wetu.

Jumamosi, 29 Machi
Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimekwenda kwa Mama Zawadi, Laurel. Nimemwambia nikiwa mlangoni, kabla hajanikaribisha, maana nikikaa ningenywa chai na kunyamaza tena. Henrik alitaka barua ipelekwe. Mimi ndiye niliyekataa.
"Ni weye?"
"Ni mimi, mama."
Hakupaza sauti. Kaomba namba ya Henrik, nikampa. Kisha akasema, "Mungu akusaidie," akafunga mlango polepole.

Jumapili, 30 Machi
Mvua. Nimefua, nimepiga pasi. Kopo lake bado liko kwangu. Nimelisugua mpaka harufu ya sombe imetoka. Kopo la watu halirudi tupu, mama yangu angenichapa. Nimesimama jikoni. Mchele upo, maharage yapo, sukari ipo, ila uso wa kumpelekea sina. Nimelifunika tupu, nikalirudisha kabatini.