Kamba ya Mama Inasubiri Muda

Jumatatu, 8 Januari

Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Gari limekohoa mara tatu ndipo likawaka. Mimi pia.

Leo nimemaliza kukiandaa chumba. Meza inatazama mashariki — nilisikia redioni kwamba mwandishi hupata fikra safi akilitazama jua linapochomoza. (Jua lenyewe, huku Saskatchewan mwezi wa Januari, huchomoza saa tatu, tena kwa kusuasua kama mtu aliyelazimishwa kwenda kanisani.) Taa ya kijani. Kiti chenye mto. Penseli kumi na mbili, zote zimechongwa. Orest amechungulia mlangoni akauliza kama mkewe anaandika au anachoma mishikaki. Nimemfungia mlango.

Nimekaa. Nimeandika: "Dhoruba ilianza siku ya Jumanne."

Sentensi nzuri. Nimeitazama mpaka chai ikapoa. Halafu nikagundua miguu yangu ina baridi, na mtu hawezi kumwandika mama yake mzazi huku miguu ina baridi. Nikaacha.

Sentensi hiyo niliiandika pia mwezi wa Septemba. Na Novemba.

Jumatano, 10 Januari

Kikundi chetu cha waandishi, maktabani. Gwen, mkutubi wetu, ametangaza: kitabu cha miaka mia cha mji kinafungwa tarehe saba Februari, saa kumi na moja jioni, maktaba ikifunga milango. Kila familia itatoa habari zake — nani alilima wapi, nani alimwoa nani. Lakini kisa kimoja tu ndicho kitakachofungua kitabu, ukurasa wa kwanza, na jina la mwandishi chini yake.

Sote tukajifanya hatujali. Nilisikia watu wakimeza mate.

Halafu Maxine Toews akasoma. Kisa cha shangazi yake na nguruwe aliyeingia harusini. Watu wamecheka mpaka Gwen akavua miwani kufuta machozi. Nikamuuliza kistaarabu, Maxine, hiki umekiandika lini?

"Jana, mwenzangu. Garini, namsubiri Delbert kwa daktari wa meno. Wamemng'oa mawili, nikapata kurasa mbili."

Ukurasa kwa jino! Na ameandika nyuma ya kalenda ya duka la mbegu, kwa kalamu iliyotafunwa. Nimetabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Nikajikuta ninahesabu meno yaliyobaki kinywani mwa Delbert, mumewe maskini.

Hiki si kijicho. Ninaandika tu nilichokiona.

Jumamosi, 13 Januari

Sawa, ni kijicho.

Nimejaribu garini. Nimeegesha nje ya nyumba yangu mwenyewe, kalenda mapajani, kalamu nimeitafuna. Dakika ishirini. Jirani akaja kugonga kioo kuniuliza kama Orest amenifukuza.

Jumanne, 16 Januari

Nimefanya upumbavu leo. Niuandike polepole.

Asubuhi nililainisha barafu ya uwanja wa hoki, kazi yangu, kama kawaida. Miaka kumi na tisa naendesha ile mashine: inakwangua juu, inamwaga maji ya moto, unaacha nyuma kioo. Wageni hudhani maji baridi ndiyo yanayofaa. Hapana. Ya moto. Nikaiegesha, nikaenda kantini, na Maxine yuko pale na mkate wa mdalasini, anamsubiri mjukuu wake amalize mazoezi. Ameshaandika nusu ukurasa, bila shaka.

"Verna bibie, na wewe? Kile kitu chako kikubwa kimefika wapi?"

Nikasema nasubiri muda mzuri. Kichwa kitulie. Si kila kisa cha kuandikwa popote kama orodha ya sokoni. (Hilo nililisema kwa kumtazama.)

"Basi nihadithie tu."

Na mimi, domo langu, nikahadithia! Dhoruba ya mwaka wa sitini na sita, nilipokuwa na miaka saba. Siku tatu, huoni mkono wako mwenyewe. Mama alifunga kamba kwenye msumari mkubwa karibu na mlango wa nyumba, Baba akaivuta mpaka zizini, ili aende kukamua na arudi bila kupotea. Kila familia ya huku ilikuwa na kamba yake. Wasiokuwa nayo waliokotwa theluji ilipoyeyuka. Nikamwambia jinsi kamba ilivyolia kwa upepo. Ndoo ya maziwa iliyoganda. Baba akirudi, mkono baada ya mkono. Nikasema Baba alikuwa "mkali kidogo." Kidogo! Maxine aliacha kutafuna. Nilikuwa nasimulia vizuri ajabu.

Nimemwambia yote ila mwisho. Mwisho huo hata Orest haujui.

Nikarudi nyumbani, nikakaa mbele ya taa ya kijani. Hakuna kitu. Nilikuwa mwepesi, mtupu, kama mtu aliyekwisha kula. Anayeandika anajua hili, na mimi nalijua, nimelisoma mahali kumi: ukishakisimulia, mkono hudhani kazi imekwisha.

Jumatano, 24 Januari

Amekiandika.

Nikae chini kwanza.

Maktabani, zamu ya Maxine. Ametoa kalenda yake — mwezi wa Machi, picha ya mvunaji wa ngano — akaanza kusoma. "Mama alifunga fundo mara mbili, kwa sababu upepo ulikuwa na vidole." Upepo ulikuwa na vidole! Mimi nilisema kamba ililia. Vidole ni vyake. Ni vizuri. Ningeweza kumng'ata.

Kurasa nne. Kamba, msumari, ndoo, zizi. Mama yangu amesimama mle ndani amevaa aproni ambayo hakuwahi kuwa nayo, na bado ni yeye. Nilimsikia akikohoa.

Kanuni yetu: anayesoma hafungui mdomo mpaka wote wamalize kutoa maoni. Haisemi lolote juu ya mwenye mama. Nikashika ukingo wa kiti.

Wote wakasifu. Gwen akasema hiki ndicho kisa cha kufungulia kitabu — ila mwisho. Katika mwisho wa Maxine, Baba anafika mlangoni, anamkumbatia Mama, wanalia, kamba inatundikwa ukutani juu ya picha ya harusi. Gwen akasema, kwa upole wake ule wa kuumiza, kwamba mwisho umetiwa sukari. "Kuna kitu hapa hakijasemwa. Ukikipata kabla ya tarehe saba, Maxine, nafasi ni yako."

Nilimkamata nje, kwenye maegesho. Nikamwambia kile ni kisa changu.

"Ni chako, nani amekataa? Juu nimeandika 'kwa Verna,' hukuona?" Amesimama pale, pua nyekundu, ananionea huruma kabisa. "Lakini mwenzangu, umekaa nacho tangu nikujue. Kimekaa kama trekta kwenye nyasi, kinashika kutu. Nilipofika nyumbani hakikuniacha nilale. Ningefanyaje?"

Ningefanyaje! Kwake ni kama mafua, anaambukizwa tu. Mimi nimejipaka visa mwili mzima kwa miaka na sijawahi hata kupiga chafya.

"Kwa Verna." Kama shada la kaburini.

Alhamisi, 25 Januari

Sijaandika. Nimelainisha barafu vibaya makusudi. Hakuna aliyegundua.

Jumapili, 28 Januari

Orest ameuliza chakulani kwa nini nayakata maandazi ya viazi kama namchinja mtu. Nikamweleza. Akafikiri sana, yeye hufikiri huku akitafuna.

"Alikuibia?"

Hapana.

"Alikudanganya?"

Hapana.

"Basi alifanya nini?"

Alikiandika. Hilo ndilo kosa lake lote. Orest akachukua andazi jingine akasema, mama Danylo (ndivyo aniitavyo tangu mwana wetu azaliwe), hizo penseli zako zimechongwa vizuri sana. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Baada ya chakula nimeenda chumbani. Nimegeuza meza itazame magharibi.

Jumanne, 6 Februari

Maxine amepiga simu. Amejaribu miisho mitano. Katika mmoja Baba anakufa — anaomba radhi kwa hilo. Yote ya uongo, anasema, anaisikia ikilia kama sarafu ya bati.

"Verna, uliishia pale makusudi. Nilikuona kantini. Ulifika mlangoni ukanyamaza, ukaanza kusifia mkate. Wewe unajua kilichotokea."

Nikasema sikumbuki.

"Niambie, bibie. Tuweke majina mawili. La kwako kwanza, kama unataka."

Kwa sekunde moja nilifungua kinywa. Naapa. Ingekuwa rahisi: ningesema, angeandika, na mimi ningelainisha barafu. Nikasema chungu kinafurika, nikakata simu. Hakukuwa na chungu jikoni.

Kesho atakuja uwanjani, amesema. Saa kumi.

Jumatano, 7 Februari

Saa tisa na nusu alasiri. Niko juu ya mashine, kwenye chumba chake, injini inanguruma, tangi limejaa maji ya moto. Karatasi nzuri ziko nyumbani zinatazama magharibi. Nina daftari hili na penseli ya kuhesabia mapipa ya maji.

Wazee wa hoki wanatoka barafuni. Dakika kumi nianze kulainisha. Miguu ina baridi kupita kiasi. Naandika hivyo hivyo.

Dhoruba ilianza siku ya Jumanne. Jumatano asubuhi Baba alimpiga Mama kwa sababu ya chumvi. Halafu akashika ndoo, akashika kamba, akaenda kukamua.

Nilikuwa chini ya meza. Nilimwona Mama akifungua mlango, theluji ikaingia mpaka magotini. Alivua glavu. Fundo lilikuwa limeganda, akalipuliza kwa pumzi, akalipuliza tena, akalifungua. Kamba ikatoka kwenye msumari. Upepo ukaivuta, na yeye akaishika, hivi tu, mkononi.

Akasimama.

Sijui alisimama muda gani. Mtoto wa miaka saba hajui muda. Hakulia. Nilikuwa nasubiri aiachie. Hilo ndilo sijamwambia mtu — si kwamba aliifungua. Kwamba mimi, chini ya meza, nilikuwa namwomba moyoni aiachie

Wananiita. "Verna! Barafu!" Wasubiri. Miaka kumi na tisa sijachelewa hata dakika moja. Sasa wanapiga magongo yao ukutani, wote pamoja. Saa kumi kasoro kumi.

Kamba ikakaza. Baba ameanza kurudi. Mzigo wake wote, huko nje kusikoonekana, umeshikwa na mkono mmoja wa mwanamke aliyepigwa asubuhi. Mama akajizungushia kamba kiganjani mara moja, mara mbili. Akakanyaga kizingiti. Damu ilitoka, ikaganda kabla haijadondoka.

Maxine amefika. Namwona kupitia kioo cha mlango, kofia ya kijani, kalenda kifuani. Anagonga. Ananionyesha saa yake. Maktaba ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa barabara hii ya barafu, na nina barafu ya kulainisha, na sijafika mwisho. Anagonga tena. "Verna! Mwisho! Niambie tu kwa kifupi!"

Nimemwinulia kidole kimoja bila kugeuka. Subiri.

Baba amefika mlangoni. Nyusi zake nyeupe kwa barafu. Ananyoosha mkono kuugusa msumari, kama anavyofanya siku zote, na msumari hauna kitu. Anaifuata kamba kwa macho, polepole, mpaka kwenye kiganja cha Mama, na anaelewa ni mkono wa nani uliomrudisha nyumbani.