Nyuzi Mpya za Raketi ya Athmani

Wiyoni, Jumanne

Wanaozisifu hizi nyuzi za plastiki iliyorejelewa hawakudanganya kabisa. Siku ya kwanza uwanjani mpira ulinitii. Leo, siku ya nne, zimelegea na kiwiko kinaniuma, lakini hilo si neno.

Raketi ni ya marehemu kaka yangu Athmani. Nyuzi alizozifunga yeye nilizikata kwa mkasi, nikidhani namuenzi.

Alasiri nikaupiga mpira kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba, kama alivyokuwa akifanya. Mama akatoka, akasikiliza.

“Si mlio wake huo, mwanangu,” akasema, akarudi ndani.

Nikaenda jaani kuzitafuta zile kuukuu, nizirudishe... hata sijui ningezirudishaje. Sikuziona. Mama alikwisha kuziokota, kazifunga kwenye pindo la leso.