Kisanduku cha Depo

Bujumbura, Asiatique, Jumatano

Kwa Baba yangu Huseni,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Gatumba kwa Shangazi Mwantum, na goti limetulia. Je, maji ya mafuriko yameshaondoka uani? Mama hajambo. Watu wakimuuliza habari zako anajibu umeenda kupumzika, kisha anaingia jikoni. Ningepiga simu, lakini nikisikia sauti yako nitageuza maneno, najijua.

Nakuandikia kuhusu ile organigramu iliyobandikwa dukani karibu na kaunta. Mzee Nasser alinituma niitengeneze katika PowerPoint kwa ajili ya wageni wake: kila mfanyakazi kisanduku chake, jina na picha, na mstari wa kuonyesha anayemsimamia. Wewe ulikuwemo. Depo, ghala lako la mizigo, iko chini ya ofisi yangu, basi kisanduku chako kikawa chini ya changu.

Karatasi ilipobandikwa uliisoma mara mbili, hukujiona. Miaka ishirini na sita unafunga mizigo ya yule mzee, ukaamini amekufuta. Uliondoka bila kumuuliza. Mimi ukaniambia nisigombane na patroni Nasser kwa ajili yako, mi nimeshazeeka, we linda kazi yako. Nikaitikia kwa kichwa, nikakuacha upande basi. Mzee Nasser alidhani umeondoka kwa ajili ya goti tu.

Si yeye, Baba. Ni mimi niliyekufuta.

Mzee Nasser aliponiuliza kwa nini humo, nilimjibu kwamba si adabu baba kukaa chini ya binti yake. Akanisifu, akasema nimelelewa vizuri. Huo nao ulikuwa uongo. Siku ile nilipokuwa naitengeneza, Orlane, niliyesoma naye chuo, alikuwa kando yangu ofisini, akasoma jina lako kwenye kisanduku kisicho na picha bado, akauliza huyu ni nani. Nikasema ni mbeba mizigo tu, hata hapaswi kuwemo. Nikabonyeza kitufe cha kufuta. Visanduku vingine vikajisogeza vyenyewe, pengo likaziba, usingejua kama palikuwa na mtu. Naona aibu, Baba. Hata chai anayonipa Mama siwezi kuinywa nikimtazama.

Jana nilimweleza Mzee Nasser yote, Orlane akisikia. Akaniamuru nifungue kompyuta. Amesema depo haiko chini ya ofisi wala ya mtu mwingine, iko chini yake mwenyewe. Akataka nikipandishe kisanduku chako, sasa uko juu yangu.

Ilibaki picha. Ninayo moja tu yako, ya siku ya diploma yangu, umevaa kofia yangu na mimi nimekuegemea begani. Orlane alinionyesha namna ya kujikata ili ubaki peke yako. Sikujikata.

Ufunguo wa depo uko pale pale ulipouacha. Ukikataa kurudi sitakulaumu.

Msalimie Shangazi, mwambie dawa ya goti lako nitamtumia Jumamosi. Mwenyezi Mungu akulinde, nami unisamehe ukiweza.

Mwanao,
Sumaya binti Huseni