Maji ya Jiwe la Wageni

Da Mwanaidi,

Salamu nyingi toka London. Mie mzima, ila baridi. Jana tulichimba barabara kijijini, nje ya mji. Kando yake pana jiwe la askari wa kigeni waliokufa vitani. Bibi mmoja wa Kizungu alikuwa analisugua. Nikalimwagia maji yangu ya kunywa, kama tunavyofanya makaburini kwetu. Akacheka. "We bwana, humu hamna mtu! Majina tu."

"Ndugu zako hawa?" nikamuuliza.

"Hata mmoja. Lakini kwao mbali, nani atawajia?"

Mke wangu mlimzika mie niko huku, kaburi lake sijalitia hata tone. Dada, Ijumaa nenda ukammwagie wifi yako maji. Mwambie mumewe kakutuma.

Mungu akuweke,
nduguyo Haji