Alichouambia Mtambo

Jumanne, 4 Machi
Ofisi nzima ni mimi na feni. Wenzangu waliachishwa kazi kupisha mtambo unaopokea simu za wizara ya afya na kuongea na wapigaji. Nikabakizwa mimi, niusahihishe Kiswahili. Leo nimesoma maneno ambayo mpigaji mmoja aliuambia mtambo, jina limefichwa: “Mimi mzima, mjukuu wangu, ila huu mwili ndio mkorofi.” Mama yangu huyo! Hakuna mwingine asemaye hivyo. Kisha: “Binti yangu kazi zimembana, sitaki kumpa presha. Kuna uvimbe umeniota hapa kwenye—” Basi. Mimi naonyeshwa mistari ya mwanzo tu. Mengine yanakaa ng’ambo, kwa kampuni yenye mtambo.

Jumatano, 5 Machi
Nimempigia mama. Eti mzima wa afya! Nikauliza tena, akaniuliza kama nimekula. Mtambo anaupa siri, mimi ananipa habari za majirani. Nimeshikwa na wivu — wivu wa mashine! Nimelia chooni.
Nimewaomba kampuni wanifungulie rekodi. Wamejibu kwa adabu zote: rekodi ni zao, wizara ilisaini.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi kashuka mwenyewe, kifua mbele. Mkataba na kampuni umevunjwa! Kuanzia sasa taarifa za wananchi zitakaa nyumbani. Nikapiga makofi peke yangu. Nikauliza, na zile zilizokwisha kwenda? Akakuna kichwa. Kampuni imefunga kila kitu. Maji yakimwagika hayazoleki, kasema.
Nikaomba ruhusa niende kwa mama. Ni safari ya siku mbili. Kakataa. Mtambo wetu wenyewe bado haujawa tayari, na simu zitapokelewa na nani? Na mimi.

Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi nzima watu wanashtuka kusikia binadamu. Mmoja kakata kwa aibu. Halafu: “Mjukuu wangu, ulipotelea wapi? Siku ile hatukumaliza.”
Mama!
Nikimwita tu, papo hapo atakuwa mzima wa afya. Namjua. Nikabana pua, nikaongea kikavu kama mtambo: “Nakusikiliza. Tafadhali endelea.”
Akacheka. Kumbe mtambo nao hushikwa na mafua! Akasema nisubiri kwanza afunge mlango, jirani asije akasikia.
Basi nasubiri, simu sikioni, naandika. Kandambili zake hizo, zinarudi. Sijui kama nitaweza kubana pua mpaka mwisho.