Ukoka wa Baba

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu Bonge,

Hujambo? Shemeji je, na wanangu wote wawili? Mimi mzima, ukiuondoa mgongo, ambao umestaafu kabla yangu. Nasikia umezidi kunenepa. Usijali, jina tulikupa mapema.

Baba hayuko vizuri, sitakuficha. Tangu atoke hospitali analala chumba cha uani, kitanda kimegusana na dirisha. Daktari ameniambia tuhesabu wiki, miezi tuisahau.

Aliomba kitu kimoja tu: akanyage nyasi peku, mara moja tena. Mtu aliyetunza nyasi za uwanja wa mpira miaka thelathini, na uani kwetu vumbi tupu. Nikajitolea.

Akaniagiza vizuri. Nichukue nyasi za majani mapana, zinavumilia kivuli, maana tangu jirani apandishe ghorofa jua linatupitia kidogo tu mchana. Nikaenda kitaluni, nikauona ukoka mwembamba, laini, ule ule wa uwanjani kwake. Mwenye kitalu akanionya kuwa huo bila jua hauendi popote. Nikajifanya mjuaji. Nilitaka Baba afungue macho auone uwanja wake.

Nikalainisha udongo, nikatandika vipande kimoja kimoja, nikashindilia, nikamwagilia mpaka shati likanigandia kwenye kitambi. Baba alichungulia, akauliza kama majani mapana yalikuwa yamekwisha. Nikasema ndiyo.

Mwiko wake unaujua: hakuna kukanyaga mpaka mizizi ishike. Si alimtoa uwanjani hata meneja na viatu vyake vya kung'aa? Basi kila asubuhi nikawa nainua pembe ya kipande kimoja, naye ananiuliza kutoka dirishani, "Umeshika?" Kipande kinanyanyuka chote kama mkeka, nami najibu bado kidogo. Wiki ya tatu ukoka ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, umenyonyoka kama kichwa changu.

Juzi alishindwa kushika kikombe. Nikaona cha kungoja hakipo tena, nikamwambia umeshika. Nikambeba hadi mlangoni. Mwepesi, ndugu yangu, hata mgongo haukulalamika. Akashusha mguu wa kulia, taratibu. Kipande kikateleza chini ya kisigino chake.

Akaurudisha mguu juu.

"Haujashika," akasema. "Nirudishe ndani."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Tangu siku hiyo ameniambia nifunge pazia. Hata hivyo bado namwagilia, kwa kuwa anausikia mpira wa maji. Jana nilichelewa, akagonga kioo.

Nimerudi kitaluni pia. Majani mapana yapo, mengi tu. Mwenye kitalu anasema yanataka wiki tatu kushika. Nilimshukuru, nikarudi mikono mitupu.

Kama unaweza kuja, njoo sasa. Usije na maneno ya kumtia moyo, atakujua kama alivyonijua mimi.

Nisalimie shemeji, na wanangu uwabusu kwa niaba ya babu yao. Shangazi anakusalimu, yeye ndiye anayemlisha Baba siku hizi. Mungu awalinde huko, na akufikishe hapa mapema.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Kipara